Nilitoka kwenye meza ya uhariri, sasa nabeba kamera mwenyewe

Wanahabari wengi wa video ninaowafahamu waliingia kwenye kazi hii wakiwa na kamera mkononi. Mimi nilianzia upande wa pili, kwenye meza ya uhariri. Mwandishi na mpiga picha walikuwa wakirudi kutoka kwenye tukio, wananikabidhi kadi ya kumbukumbu ya kamera na karatasi ya skripti, wanaondoka zao. Nabaki na picha za saa nzima na nafasi ya dakika mbili kwenye taarifa ya jioni. Ukikaa hapo muda mrefu unajua kitu ambacho aliyekwenda uwanjani hakijui: unajua ni kipi hakikupigwa. Mwalimu amehojiwa mpaka amechoka, lakini hakuna hata sekunde nne za mkono wake ukiandika ubaoni. Muuguzi anasifiwa na kila mtu, na humwoni akifanya kazi hata mara moja. Fundi anaeleza jinsi mashine yake inavyopiga kelele, na mashine yenyewe imezimwa ili isiharibu mahojiano.

Kwa hiyo kampuni ilipopunguza wafanyakazi nami nikawamo, sikuhangaika sana kujiuliza nifanye nini. Nilitaka kupiga zile picha ambazo miaka yote nilizitafuta kwenye kadi za wenzangu nikazikosa. Na nilitaka kuwapiga watu ambao hawaiti mikutano na waandishi wa habari: anayezibua mifereji, anayewasha taa za jukwaani, anayefundisha watu wazima kusoma, anayelinda geti usiku. Maisha ya kila siku, basi. Baadhi ya rafiki zangu walidhani nimekimbilia huko kwa sababu sina ubavu wa habari kubwa. Hao hawajawahi kujaribu kumfanya mtu asiyewajua aketi dakika nne akitazama kinanda kikitengenezwa.

Maana moto ukiwaka, habari inakuja ikiwa imejipanga: kimeungua nini, nani kaumia, chanzo ni nini. Maisha ya kawaida hayana ukarimu huo. Ukimwandikia mhariri kwamba unataka kufanya habari ya fundi saa, atakujibu kwa adabu au hatakujibu kabisa, na ana haki yake. Fundi saa ni mada tu. Ili iwe habari lazima kuwe na mtu anayetaka jambo fulani, na asiwe na uhakika wa kulipata. Fundi saa ambaye macho yake yamepungua nguvu, na leo anamwachia mwanafunzi wake saa ya mteja aifungue peke yake kwa mara ya kwanza, huyo ninaweza kumfuata. Je, ataingilia? Atamnyang'anya kijana kibano, au atajizuia mpaka mwisho? Hapo kamera ina kitu cha kusubiri.

Siku hizi kabla ya kuandika pendekezo lolote najiuliza ni nini kitakachobadilika mbele ya lenzi kati ya asubuhi na jioni. Si lazima kiwe kikubwa. Mtu kuanza kazi asiyoiweza vizuri na kuimaliza kunatosha. Lakini kama mhusika wangu atakuwa anasimulia tu mambo yaliyokwisha kupita, basi nilicho nacho ni mahojiano ya redio, na redio itayafanya vizuri kuliko mimi.

Hii imani kwamba watu wa kawaida hawauziki ni ya juzijuzi. Filamu zilianza na hao hao. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliweka kamera mbele ya lango la kiwanda chao huko Lyon wakawapiga wafanyakazi wao wakitoka kazini. Picha yenyewe haifiki dakika moja. Tarehe 28 Desemba mwaka huohuo watu wa Paris walilipa kiingilio kuitazama pamoja na nyingine fupi za aina hiyo. Miaka michache baadaye huko Uingereza, Sagar Mitchell na James Kenyon wakaigeuza kuwa biashara: wafanyakazi wakitoka kiwandani, watoto wakipita barabarani, mashabiki wakiingia uwanjani, kisha watu haohao wanaalikwa kujiona kwenye maonyesho. Walikwenda kujitafuta, na walilipa. Mamia ya negativu zao zilikutwa mwaka 1994 ndani ya mapipa katika jengo moja huko Blackburn. Ukizitazama leo, waliokuwa wakubwa wa mji hawakushughulishi hata kidogo. Unamtazama yule mtoto anayekimbia pembeni ya kamera ili asitoke kwenye fremu.

Lakini picha ile ya lango la Lyon ina jambo moja ambalo mimi kama mhariri nimelishikilia. Ipo katika matoleo matatu. Yaani wafanyakazi walitoka langoni zaidi ya mara moja kwa ajili ya kamera. Kishawishi cha kumwambia mtu "hebu rudia kidogo" kimekuwepo tangu siku za kwanza kabisa, na kila anayeanza kazi hii atakutana nacho kabla jua halijafika utosini.

Mimi sisemi rudia, na si kwa sababu ya utakatifu. Mtu akirudia jambo kwa ajili yako anaigiza, hata kama analifanya kila siku ya maisha yake, na mtazamaji hulihisi hata asipojua kwa nini. Mabega yanapanda. Mkono unakwenda taratibu kuliko kawaida. Halafu katika habari ni udanganyifu kumwonyesha mtu akifungua barua ambayo aliifungua jana, isipokuwa umesema wazi kwamba ni igizo. Bahati nzuri ni kwamba kazi nyingi za mikono hujirudia zenyewe. Fundi cherehani hashoni mshono mmoja tu. Anayepaka rangi hachovyi brashi mara moja akaenda nyumbani. Kwa hiyo nikifika naweka mfuko chini na kutazama kazi mpaka nimeujua mzunguko wake: anaanza wapi, anageukia wapi, ni wakati gani uso wake unakunjamana. Ndipo ninawasha kamera. Mzunguko wa kwanza naupiga kwa mbali, chumba chote kionekane. Wa pili napiga mikono. Wa tatu uso, bila mikono. Wa nne nasimama nyuma ya bega lake nione anachokiona yeye. Nikikaa kuhariri, mizunguko hiyo minne inakuwa mmoja: mkono unaanza kuinuka kwenye picha ya mbali, unamalizia kuinuka kwenye picha ya karibu, na hakuna mtu aliyeombwa chochote. Hivyo ndivyo mtu mmoja mwenye kamera moja anavyoonekana kana kwamba alikuja na kikosi kizima.

Kila picha naishikilia sekunde kumi bila kuitikisa. Najua ni ndefu ukiwa umesimama hapo; vidole vinawasha kutaka kusogea. Lakini nimekaa kwenye kile kiti cha mhariri. Nimepokea picha nzuri ajabu za sekunde moja na nusu, ambazo mpiga picha alizipita kama mtu anayemwagilia bustani, na hakuna uchawi wa programu yoyote unaoweza kuzirefusha.

Yapo mambo yasiyojirudia, na hayo yana sheria yake. Mwanafunzi anafungua bahasha ya matokeo. Mtu anaingia ndani ya nyumba aliyoijenga kwa miaka. Hapo sikimbilii uso. Napiga pana kiasi, natulia, sisogei. Kama narekodi kwa 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, na habari itatoka kwa 1920 kwa 1080, baadaye naweza kuusogeza uso karibu mara mbili bila picha kuharibika. Wengi hununua kamera ya 4K kwa ajili ya kujivunia ukali wa picha. Mimi naitumia kama mpiga picha wa pili ambaye siwezi kumlipa.

Sauti sasa. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mtazamaji anasamehe picha yenye giza. Anasamehe picha inayotikisika, na wakati mwingine anaiamini zaidi. Sauti mbaya hasamehe. Anaondoka bila hata kujua kilichomwondoa. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue nini kwanza, na simu janja tayari anayo, namwambia maiki ndogo ya kubana kwenye nguo na hedifoni za kufunika masikio. Si lenzi, si taa. Hedifoni zivaliwe wakati wa kurekodi, zisining'inizwe shingoni kama mkufu. Kiwango cha sauti nakiweka ili maneno ya kawaida yafike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri (sifuri ndiyo kikomo, ikipita sauti inapasuka), kwa sababu mtu anayezungumza kwa upole anaweza kucheka ghafla, na kicheko kilichopasuka hakishoneki. Sauti ya video hurekodiwa kwa kilohezi 48, yaani sampuli elfu 48 kila sekunde. Kama kinasa sauti chako kimewekwa 44.1, cha muziki, kibadilishe kabla ya kutoka nyumbani.

Kisha kuna adui wa kila chumba, friji. Sikio la binadamu huacha kulisikia baada ya dakika mbili, maiki haiachi. Ukikata mahojiano, mngurumo wake unaruka katika kila mkato na mtazamaji anajua umekata. Basi omba ruhusa ulizime. Na ili usiondoke ukaliacha limezimwa, weka funguo zako ndani yake. Sikuibuni mimi mbinu hii, wapiga picha wa zamani huiachia wachanga kama urithi, na haijawahi kuniangusha.

Baada ya mahojiano naomba watu wote wanyamaze nusu dakika narekodi chumba kitupu. Huwa wanacheka, wengine wanafumba macho kama wako kwenye ibada. Sauti ile ya chumba ndiyo ninayoifukia kwenye mikato. Na kabla ya kuondoka narekodi peke yake kila sauti ambayo kazi hiyo inatoa: mkasi, bawaba, maji kwenye ndoo, hatua za ngazi. Ukiwa na sauti hizo unaweza kuanza habari kwa giza na mkasi tu, na mtu akatulia kusikiliza.

Zamani kazi hii ilikuwa ya watu watatu, mmoja wa kamera, mmoja wa sauti, mmoja wa maswali. Kamera zilipopungua uzito na bei, vituo vikaanza kuwaunganisha. NY1 ya New York ilipoanza mwaka 1992, kituo cha habari za mji mmoja saa ishirini na nne, waandishi wake walikuwa wakibeba kamera na kujipigia picha wenyewe. Wasimamizi wa fedha walipenda kwa sababu zao. Mimi naona faida nyingine wasiyoitaja: watu watatu wakiingia kwenye chumba kidogo cha ushonaji, chumba kinakuwa studio. Mtu mmoja akiingia, anaweza kukaa kwenye kona mpaka wamsahau. Hasara nayo ipo. Huwezi kusikiliza kwa moyo wote huku unatazama kama betri imebaki. Katika mahojiano marefu mimi huweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nafunga mwanga na fokasi visijibadilishe, naangalia mara moja kwamba inarekodi, kisha naiacha. Namtazama mtu, si skrini.

Neno moja kwa wanaotumia simu, kwa sababu tatizo hili nililipokea mezani mara nyingi sana. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, inayopanda na kushuka kulingana na mwanga. Kwenye simu huoni kitu. Kwenye programu ya kuhariri, mahojiano yakiwa marefu, midomo inaanza kuachana na maneno. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga kasi hiyo. Na ukiona taa za dari zinapepesa kwenye picha, ni umeme: penye umeme wa hezi 50 weka shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100, penye hezi 60 weka 1/60 au 1/120. Mengine kuhusu vifaa yanasemwa kupita kiasi mtandaoni na wanaouza vifaa.

Kulikuwa na jambo ambalo meza ya uhariri haikunifundisha hata kidogo, nalo ni watu. Kwenye kadi watu hufika wakiwa tayari wamekubali. Huoni jinsi walivyokubali, wala nani alikataa.

Yule fundi saa, mzee mpole mno, alikuwa kila nikiinua kamera anaacha kazi na kuanza kuniongelesha. Habari za nyumbani, watoto, safari. Nikamwomba: "Mzee wangu, ukinisahau kabisa utakuwa umenisaidia." Akanitazama kama nimemtukana. "Mwanangu, mgeni amekaa kwenye chumba changu nami nimpe mgongo? Watu wakiona video hiyo watasemaje?"

Alikuwa na hoja. Nilikuwa namwomba avunje heshima yake ili picha yangu iwe nzuri. Tangu hapo naacha kamera kwenye mfuko mpaka salamu ziishe kabisa, ziishe kwa kasi ya mwenyeji na si kwa kasi yangu. Nauliza habari zote. Najibu zote. Halafu nasema waziwazi: sasa na mimi naanza kazi yangu, wewe endelea na yako, tukichoka tutapumzika na kuzungumza tena. Wengi wanahitaji tu kupewa ruhusa hiyo ya kutokuwa wenyeji kwa muda. Mzee alipopewa, alinisahau kiasi kwamba alianza kuimba.

Kuhusu ridhaa nina msimamo ambao wenzangu wengine wanauona mkali. Mwanasiasa anajua video ni nini na ana watu wa kumsemea. Anayelinda geti usiku hana. Anakubali asubuhi kwa sababu umemheshimu na kumsikiliza, na pengine hajafikiria kwamba mwajiri wake ataiona, kwamba mwenye nyumba ataiona, kwamba itakuwepo hata baada ya yeye kubadilisha kazi. Kwa hiyo naomba ridhaa mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya kurekodi, mbele ya kamera, nikieleza ni ya nani na itawekwa wapi. Mara ya pili mwishoni, nikimkumbusha yale mazito aliyoyasema: ulisema hivi kuhusu mdogo wako, bado unataka kisikike? Wachache husema hapana, na hapo nakitoa. Mwandishi mmoja aliwahi kuniambia kwamba natupa dhahabu. Labda. Ila mtu wa kawaida aliyeumizwa na habari ya dakika nne anaishi nayo mtaani, na mimi ninakuwa nimeshahamia kwenye habari nyingine.

Simpi mhusika mamlaka juu ya uhariri, hilo nalieleza mapema. Sitoi kitu kwa sababu hapendi shati alilovaa. Lakini natazama fremu zangu kwa jicho la mtu mbaya: namba ya nyumba, jina la shule kwenye sare ya mtoto, chupa ya dawa kwenye rafu yenye jina la ugonjwa, karatasi ya benki mezani. Chumba cha mtu kinasema mengi ambayo mwenyewe hakuyasema.

Na jingine dogo. Kila mtu husema maneno yake bora baada ya kuambiwa "asante, tumemaliza." Mabega yanashuka, anavuta pumzi, anasema kile kitu. Nimeona wapiga picha wanaosema tumemaliza huku kamera inaendelea kwa siri. Mimi nasema: "Maswali yangu yameisha, kamera bado inarekodi, kuna uliloliacha?" Kisha nanyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kuuliza, lakini maneno yale hutoka vilevile, na huwa yamekuja kwa njia halali.

Haya, fedha. Nitaenda haraka kwa sababu sehemu kubwa ni kazi ya kuchosha: barua pepe, ankara, kukumbushia ankara, kukumbushia ukumbusho.

Pendekezo kwa mhariri liwe fupi. Nani, anataka nini, kwa nini sasa, na nini nitakachokiona kwa macho. Naambatanisha klipu ya nusu dakika niliyoipiga siku ya kutembelea, kwa sababu mhariri anaweza kubishana na sentensi zangu lakini si rahisi kubishana na uso wa mtu. Nataja urefu na siku ya kukabidhi. Sielezi kwamba mada "ni muhimu kwa jamii." Kila anayemwandikia anasema hivyo.

Mkataba ndio uliobadilisha kichwa changu zaidi. Nilipokuwa mwajiriwa, nilichokihariri kilikuwa cha kampuni, na katika nchi nyingi ndivyo sheria inavyosema kuhusu kazi ya mwajiriwa. Ukijitegemea, kwa kawaida kazi ni yako mpaka uiachie. Mkataba wa Bern wa mwaka 1886, ambao sehemu kubwa ya dunia imo, unasema hakimiliki inazaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila kusajili popote. Ndiyo maana mikataba mingi utakayoletewa ina ile sentensi ndefu inayotaka haki zote, milele, duniani kote, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa. Isome mara mbili. Mimi huandika pembeni kwamba natoa leseni: watumie kwa muda fulani wakiwa peke yao, baada ya hapo niwe huru kuitumia pengine. Wengine hukubali bila neno, kumbe sentensi ile ilikuwa imenakiliwa tu kutoka mkataba mwingine. Wengine hukataa, nami naomba malipo makubwa zaidi au naondoka.

Kuna vitu vinne ninavyovitaka kwa maandishi kabla sijapiga picha hata moja: sehemu ya malipo mwanzoni, malipo ya habari iliyoagizwa kisha isitumike, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na kama picha ghafi zimo au hazimo. Hicho cha mwisho ndicho kinachogombanisha watu. Chombo kimoja, nitakiacha bila jina, kilipokea habari iliyokamilika kisha kikadai kadi nzima kana kwamba ni haki yao ya kuzaliwa. Kadi nzima ina sentensi ambazo mhusika aliomba ziondolewe kwenye ile ridhaa ya pili. Sikuwapa. Walilipa kwa kuchelewa mno, lakini walilipa, kwa sababu mkataba ulisema habari ya dakika nne na si zaidi.

Habari peke yake hazinilishi mwaka mzima, nisimdanganye mtu. Nahariri za wenzangu. Nafundisha. Kila habari naitengeneza ya mlalo na ya wima, na wakati wa kupiga nakumbuka kuacha nafasi pande zote za uso ili ya wima isikate masikio. Naweka manukuu, yaani maneno ya kusomwa chini ya picha, kwa mkono, kwa sababu wengi hutazama wakiwa wamezima sauti, na kwa sababu manukuu ya mashine hayajui lafudhi ya mtu wangu. Ndiyo, nimetoka kusifia sauti kwa aya tatu. Wanaofungua sauti ndio wanaotazama mpaka mwisho.

Kujitegemea pia ni kutokuwa na mtu anayejua uko wapi. Hata kwenye habari za upole kama hizi zangu namwachia mtu mmoja anuani na saa ya kurudi. Nilipojisajili kwenye mafunzo ya usalama watu walicheka: mtengeneza saa ana hatari gani? Lakini wapiga picha wa kujitegemea ndio wanaobaki bila bima, bila ofisi, bila mwanasheria. Rory Peck, mpiga picha wa kujitegemea, aliuawa Moscow mwaka 1993, na mfuko wenye jina lake, Rory Peck Trust, ulianzishwa mwaka 1995 kuwasaidia watu wa aina yake na familia zao. Mafunzo, bima na vitu vya kukagua kabla ya safari, mambo hayo yote hawayaweki kwa ajili ya vita peke yake. Na kadi haifutwi mpaka nakala zake mbili ziko kwenye diski mbili tofauti, moja ikiwa mbali na nyumbani.

Ninayoifanyia kazi sasa ni ya watu wanaochora mistari ya barabarani usiku magari yakiwa yamepungua. Swali lake ni kama watamaliza makutano makubwa kabla barabara haijafunguliwa alfajiri. Mhariri ameikubali kwa barua ya mistari miwili na mkataba wenye ile sentensi ndefu, ambayo nimeshaikata kwa kalamu nyekundu na kumrudishia. Msimamizi wa kikosi amekubali. Yule anayesukuma mashine ya rangi amekubali picha lakini hataki maiki, anasema waya zitamnasa. Kesho namwonyesha isiyo na waya.